Nairobi Mpaka Mombasa kwa Baisikeli: Safari ya Mwenye Fedha Chache

Watu wengi hudhani ya kuwa safari ya kwenda kuitazama nchi ni jambo la matajiri. Lakini mkulima aliyekwisha vuna, au karani aliyepewa likizo ya siku 10, aweza kutoka Nairobi mpaka Mombasa, mwendo wa kilomita 480 hivi, kwa baisikeli ile ile impelekayo sokoni au kazini. Kitakiwacho si mfuko mnene, bali hesabu iliyofanywa kabla gurudumu halijaondoka mlangoni.

Hesabu hiyo huanza nyumbani. Karo ya watoto na posho ya jamaa haziguswi, maana safari iachayo chungu kitupu jikoni si matembezi, ni utoro. Fedha inayobaki hugawanywa mafungu manne: chakula, malazi, matengenezo ya baisikeli, na nauli ya basi ya kurudi pamoja na malipo ya kuibeba baisikeli. Fungu la nne hushonwa ndani ya nguo. Msafiri haaibiki kwa kushindwa na mlima. Huaibika akila nauli yake kwa soda na nyama choma katika siku mbili za kwanza. Akiba haiozi.

Baada ya fedha ni majira. Mvua za masika za Machi mpaka Mei yafaa kuepukwa. Juni mpaka Septemba jua ni la upole, lakini upepo wa kusi humpiga msafiri usoni, hasa alasiri. Januari na Februari upepo huo haupo, bali joto la nyika ni kali. Kila mtu na achague taabu aiwezayo.

Baisikeli ya chuma ya kawaida yatosha, mradi breki zishike na mnyororo utiwe mafuta. Mzigo uwe mpira wa ndani mmoja wa akiba, viraka na gundi, pampu, spana, blanketi, sufuria ndogo, unga na njugu. Apunguzaye mzigo ameongeza nguvu.

Mwendo wapaswa kugawanywa vema. Siku ya kwanza ni kupita Athi River na vilima vya Ukambani mpaka Sultan Hamud, kilomita 110 hivi. Siku ya pili ni fupi, mpaka Makindu. Hapo pana hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, ambalo huwapa wapita njia chakula na malazi bila kuuliza dini wala kabila. Apokeaye wema huo huvua viatu, hufunika kichwa, na akiweza huacha sadaka kidogo. Siku ya tatu ni Mtito Andei, karibu nusu ya njia. Ya nne ni Voi. Ya tano ni Mackinnon Road, penye msikiti unaojulikana sana na wasafiri. Na ya sita ni Mombasa.

Sehemu ya kuogopwa ni kutoka Mtito Andei kwenda mbele. Barabara hupita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1948, na ndovu huenda wakaivuka. Akiwaona, msafiri husimama mbali akangoja, hata kama ni saa nzima. Baada ya Voi huja nyika ya Taru, ambayo misafara ya zamani iliichukia kwa ukosefu wa maji. Hapo lita tano za maji si mzigo, ni uhai.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko ndovu ni malori. Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017, hata hivyo malori ya bandarini bado ni mengi. Kwa sababu hiyo mwenye busara huondoka alfajiri kunapopambazuka, hupumzika jua la adhuhuri, na hutafuta mahali pa kulala kabla ya magharibi. Asikiapo lori nyuma yake, na jingine likija mbele, hushuka kando ya lami bila kuona haya. Kuendesha usiku ili kuokoa bei ya kitanda ni kununua bei rahisi kwa roho yake mwenyewe. Ni heri kuomba ruhusa ya kulala shuleni, kanisani au karibu na kituo cha polisi.

Bandu bandu huisha gogo. Atakayefuata mpango huu ataziona Mariakani na Mazeras, kisha minazi, kisha Changamwe, na mwisho atavuka Makupa na kuingia kisiwani akisikia harufu ya bahari. Miguu itamwuma, ngozi itakuwa imekolea vumbi, lakini nauli ya kurudi itakuwa ingali imeshonwa mahali pake, na nyumbani watoto watakuwa wangali shuleni.