Jumuiya Iliyojifunza Kufua Shuka

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu nje kidogo ya mji wa Bukoba, Alhamisi jioni ilikuwa ya jumuiya. Watu walikusanyika nyumba moja wiki hii, nyingine wiki ijayo. Injili ya Jumapili ilisomwa mara mbili, aliyeguswa akasema neno lake, sadaka ikapita, tukafunga kwa sala. Mwenye nyumba aligawa punje za kahawa za kutafuna, kisha kila mtu akashika njia yake kati ya migomba.

Utaratibu huo ulikuwa bado mchanga. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakaazimia kwamba Kanisa lijengwe kuanzia kwa majirani wanaofahamiana, na mwaka 1976 wakalifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Watanzania tulikwisha kuzoea balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo wazo halikutushangaza. Tena kwetu Buhaya imani ilikuwa na mizizi: misheni ya Kashozi ilifunguliwa mwaka 1892, na ardhi yetu ndiyo iliyomtoa Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata cheo hicho. Kusali tulijua. Mgonjwa akitajwa, tulimwombea, na jirani akampelekea pole na chane ya ndizi. Kumwogesha na kumlisha ilikuwa kazi ya ukoo wake, na hakuna aliyedhani inapaswa kuwa vinginevyo.

Kisha ukaja ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Watu wakauita Juliana, jina la nguo za biashara zilizovuka mpaka kutoka Uganda. Utafiti wa mwaka 1987 uliwakuta na virusi karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne pale Bukoba mjini. Idadi hiyo niliisoma ukubwani. Utotoni niliiona kwa sura ya nyumba. Aliyetegemewa kumuuguza baba yake alitangulia yeye. Bibi aliyezika wanawe alibaki na wajukuu na shamba lililoota magugu. Ukoo, nguzo tuliyoiegemea wote, uliishiwa watu wa kuuguza.

Hofu nayo ilikuwa kubwa. Watu waliogopa kikombe, wakaogopa mkeka, wakaogopa hata kupeana mkono. Wapo waliosema waziwazi kwamba hiyo ni adhabu ya Mungu, na kauli hiyo iliwapa ruhusa ya kukaa mbali.

Jioni moja ilisomwa ile Injili ya Marko ya mtu aliyepooza, aliyebebwa na wanne wakatoboa paa ili wamfikishe kwa Yesu. Kila aliyesimama alisifu imani ya wale wanne. Mwenyekiti wetu, mama wa makamo aliyekuwa mkunga wa jadi, aliwaacha wamalize. Kisha akasema: “Waitu, kijana wa nyumba ya pili anaharisha tangu juzi, na mama yake ni kikongwe. Wanne wake ni akina nani?”

Watu walinyamaza. Halafu mzee mmoja mlemavu wa mguu akasema yeye hawezi kubeba ila kuni atapasua. Baada yake wakajitokeza wengine, na majina yakaandikwa nyuma ya daftari la sadaka. Kwetu zamu ya kuuguza ilianza hivyo.

Muuguzi wa zahanati aliwafundisha. Glavu hazikuwepo, hivyo walivaa mifuko ya nailoni mikononi na kuifunga kwa uzi kwenye kifundo. Walijifunza kuchanganya maji, chumvi na sukari, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, na kuloweka shuka katika maji ya jiki kabla ya kuzifua. Sisi watoto tulichota maji na kuyaacha mlangoni. Kutoka pale mlangoni nilimwona mwenyekiti akifanya jambo ambalo limenilea kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Kabla ya kufunua shuka, alimwamkia kijana yule, akamwuliza habari za usiku, kisha akamwambia: “Mwanangu, naomba nikushike.” Alisubiri mpaka kijana aitikie. Mtu ambaye wengi walimkimbia aliombwa ruhusa ya kuguswa.

Polepole sala zetu zilibadilika. Zilikuwa fupi, zikataja majina, zikamwomba Mungu sabuni na usingizi. Mazungumzo ya adhabu yalipungua, kwa kuwa aliyekwisha kumwogesha mgonjwa hakupata tena moyo wa kumhukumu. Jirani zetu Walutheri na Waislamu waliingia katika zamu, na hakuna aliyeuliza daftari ni la nani. Wagonjwa walipofariki, zamu ilihamia kwa watoto wao: kupalilia shamba la bibi, kushona sare ya shule, kuezeka jiko kabla ya masika.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Niliona watu tuliokwisha kuwaaga wakisimama na kurudi kulima. Nashukuru Mungu kwa dawa hizo, na nashukuru pia kwa wale waliowaweka hai wenzao mpaka dawa zikawakuta. Kazi ya zamu ikawa kumsindikiza mtu kliniki na kumkumbusha vidonge. Baadaye hata hilo halikuhitajika, na lile daftari likarudia sadaka peke yake.

Leo nasali katika jumuiya ya Dar es Salaam, Jumamosi alfajiri kabla watu hawajakwenda kwenye shughuli zao. Tuna kundi la WhatsApp. Mtu akilazwa, ujumbe unatumwa, na kabla ya jioni michango imeingia kwa simu, mingine kutoka kwa wanajumuiya waliohamia Mwanza au Arusha. Sitaki mtu aidharau njia hii. Imelipa bili za hospitali ambazo kijiji chetu cha zamani kisingeziweza.

Hata hivyo wagonjwa wa siku hizi wana hitaji lao. Ni wazee waliopigwa na kiharusi na wenye kisukari waliokatwa mguu, ambao watoto wao wako kazini kutwa nzima. Pesa ya simu hununua nepi za watu wazima, lakini haimgeuzi mzee kitandani saa nane mchana. Yakobo katika waraka wake anamwonya anayemtakia ndugu yake joto na shibe bila kumpa nguo wala chakula. Nadhani leo angetuuliza pia nani amekwenda.

Mwaka huu tumerudisha zamu. Mwenyekiti huuliza kwanza nani anauguza nyumbani, kisha nani atampumzisha muuguzaji kwa saa mbili, ndipo tunaingia kwenye michango. Wanaume nao wamo. Wastaafu wawili wanawaogesha wazee wenzao kila Jumanne, na mafundi wa gereji jirani huja kubeba inapohitajika. Hatujamaliza nyumba zote, na kuna siku zisizo na mtu. Lakini jumuiya yoyote inayosoma Injili inaweza kuanza wiki hii, kwa mgonjwa mmoja na watu wanne.