Kupwelewa na Maji Yajayo

Watu wa pwani wana neno lao kwa chombo kilichoachwa na maji: kimepwelewa. Nahodha aliyepwelewa juu ya fungu hutia gadi ubavuni, hukunja tanga, huteleka birika la chai. Hata aliyepanda fungu wakati wa bamvua, akalazimika kuzihesabu siku, anajua kwamba maji yaliyomwacha ndiyo yatakayomrudia. Lakini katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, wako wavuvi wanaopwelewa kinyume cha hayo. Kwao maji yajayo ndiyo yanayokamata, na kungoja ndiko kunakokaza kifungo.

Ziwa Mille Lacs, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 500, huganda uso wake kila majira ya baridi. Wavuvi huvikokota vibanda vyao hadi huko ndani, wakatoboa matundu katika barafu, wakawasha jiko na kushusha mishipi. Idara ya maliasili ya jimbo hushauri inchi 4 za barafu imara kwa mtembea kwa miguu, na 13 kwa pikapu; tena huonya kuwa hakuna barafu iliyo salama kabisa.

Msiba huanza kwa kitu laini, theluji. Barafu huelea kama ubao, na ikitwishwa theluji nyingi hudidimia kidogo, maji yakapanda kwa kupitia matundu na nyufa. Ajabu ni kwamba hayagandi upesi. Theluji iliyo juu huyafunika mfano wa blanketi, ikayakinga na baridi, yakawa rojorojo lisiloonekana. Dereva huona uwanja mweupe mkavu, mara gurudumu limezama hadi ekseli. Ndivyo ilivyokuwa katika maziwa mengi ya jimbo hilo majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, theluji nzito ilipoanguka mapema, barafu ikiwa bado nyembamba.

Ajuaye huacha kukanyaga mafuta papo hapo, kwani gurudumu linalozunguka hujichimbia shimo. Jirani ajaye kumsaidia hasogei karibu. Husimama mbali, penye barafu kavu, akarusha kamba ndefu, maana uzito wa magari mawili pamoja huibonyeza barafu na kuita maji mengine. Rojo huzolewa kwa koleo. Jeki hukalishwa juu ya ubao mpana. Mbao nyingine hupenyezwa chini ya matairi. Wako pia wanaofyeka theluji njia nzima, wakaiacha baridi ya usiku iingie na kuligandisha rojo liwe barabara. Hiyo ni subira yenye akili, ila gari lisilale ndani ya rojo hilo, kwani litaamka limeshikwa.

Kibanda kina kisa kizito zaidi. Kimekaa pale wiki nyingi, na maji yakikizunguka yakaganda, sakafu na ziwa huwa kitu kimoja. Mwenye kukitilia gadi mapema, akakiinua juu ya vipande vya magogo, huponea hapo. Aliyepuuza hushika mtaimbo, akachimba pembezoni inchi kwa inchi, au huleta msumeno wa mnyororo akakata barafu huku maji yakimrukia na kumgandia nguoni. Nayo sheria inahesabu siku. Kusini mwa jimbo vibanda huondolewa kufikia Jumatatu ya kwanza ya Machi, kaskazini Jumatatu ya tatu. Atakayechelewa hutozwa faini, na kibanda chake huweza kuchukuliwa. Jua la Machi, lile lile linalomlegezea mvuvi barafu ya pembezoni, ndilo linaloidhoofisha ile anayoisimamia.

Kibanda kikibanduka, hutoka kwa mlio wa ubao unaopasuka, kikaacha alama ya mraba inayojaa maji taratibu. Mwenye gari la kuvuta hasimami hapo kupokea shukrani. Akisimama tu, magurudumu huanza kuzama. Mwenye kibanda humfuata nyuma kwa miguu, na mkono hupeanwa ufukweni.