Adhabu Yenye Tarehe

Kwetu mtu akisema anaenda kucheza snuka, anamaanisha pool. Ile meza ndogo ya futi saba, shilingi ishirini unaingiza, mipira inashuka kwa kishindo, anayeshindwa analipa, mshindi anabaki. Bungoma ziko kila mahali: nyuma ya vinyozi, kando ya vibanda vya chapati, kwenye veranda za baa ambazo mchana hazina mtu isipokuwa vijana watano na stiki mbili, moja ikiwa imepinda.

Snuka yenyewe ni mnyama mwingine. Khocha, ndugu ya mama, ndiye aliyetufundisha tofauti, maana ujanani alifanya kazi ya maka katika klabu moja iliyoachwa na masetla. Kazi yake ilikuwa kuhesabu pointi, kurudisha mipira mahali pake na kukaa kimya. Meza futi kumi na mbili kwa sita. Mipira myekundu 15, ya rangi 6, na mweupe wa kupigia. Unaingiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena. Wa rangi unarudishwa mezani hadi wekundu waishe. Ukisafisha meza yote kila mara kwa mweusi unapata 147. Khocha anasema katika miaka yake yote pale hakuona mtu akifika hata 60, na bado walikuwa wakivaa tai.

Mimi nina kibanda cha M-Pesa Kitale. Mdogo wangu amekuwa akilala kwangu tangu Januari 2023, na sababu ya kulala kwangu ndiyo inayonifanya niandike kuhusu Mchina anayeitwa Zhao Xintong.

Desemba 2022, mtaani kwetu Bungoma, kulikuwa na mashindano ya Krismasi. Wachezaji 32, kiingilio shilingi 200, zawadi mbuzi na elfu tano. Mdogo wangu alikuwa mkali. Si sifa za dada, uliza mtu yeyote aliyewahi kumlipia meza. Akafika fainali. Baba, ambaye maisha yake yote aliita pool kazi ya wavivu, siku hiyo alifunga duka saa tisa akaja kusimama nyuma ya umati, kofia mkononi. Gemu ya mwisho mdogo wangu akabaki na mweusi peke yake, sentimita chache kutoka kwenye shimo. Akakosa. Watu wakashika vichwa. Baba akampigia makofi, akasema ni bahati mbaya.

Wiki iliyofuata, jamaa fulani akiwa amelewa akajigamba kwamba alilipa elfu tatu ili ule mpira usiingie, na kwamba kwenye beti za pembeni alivuna zaidi ya mara nne. Mdogo wangu hakukataa. Mwenye meza akasema hatashika stiki pale tena. Baba hakusema kitu, na akaendelea kutosema kitu. Mpaka leo nikipiga simu nyumbani anauliza bei ya mahindi Kitale, anauliza mvua, anauliza mbolea ya serikali kama imefika. Hamtaji.

Sasa, majira yaleyale, mbali kabisa na sisi, snuka ya kulipwa ilikuwa ikiungua. Wachezaji kumi kutoka Uchina walishtakiwa katika kesi ya kupanga matokeo. Juni 2023 hukumu zikatoka: wawili, Liang Wenbo na Li Hang, wakafungiwa maisha. Zhao Xintong akapata mwaka mmoja na miezi minane. Yeye hakuuza mechi yake mwenyewe. Alihusika na mwenzake aliyekuwa akipanga mechi mbili, na alikuwa akibeti kwenye snuka, kitu ambacho mchezaji haruhusiwi. Alikiri, wakampunguzia. Kumbuka huyu si mtu wa kuokotwa: Desemba 2021 alikuwa ameshinda UK Championship, na mapema 2022 akachukua German Masters kwa kumlima Yan Bingtao 9-0 kwenye fainali. Yan naye akaangukia kesi hiyohiyo, miaka mitano.

Mdogo wangu alikuwa akiisoma kesi hii kwenye simu kama mtu anayesoma barua yake. Mimi nilimwambia waziwazi kesi hazilingani. Zhao hakukosa mweusi makusudi mbele ya baba yake. Na hatukuhitaji kwenda Uchina kutafuta mfano: mwaka wa 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliowahi kuwa Kakamega Homeboyz, mmoja maisha na watatu miaka minne minne. Kakamega ni hapo tu. Akanijibu, "Sista, wote hao waliambiwa tarehe. Mimi nani aliniambia tarehe?"

Nilikosa la kumjibu. Adhabu ya Zhao iliisha tarehe 1 Septemba 2024. Imeandikwa. Siku hiyo anaamka, anachukua stiki, anaenda. Adhabu ya mtaa haina karatasi, haina hakimu, haina rufaa. Inaendelea tu mpaka mtu achoke, na kwetu watu hawachoki haraka.

Zhao aliporudi alikuwa amepoteza nafasi yake ya kulipwa. Orodha ya ubora ya snuka inahesabiwa kwa pesa ulizoshinda miaka miwili iliyopita, kwa hiyo ukikaa nje unashuka mpaka unatoka kabisa. Akaingia Mashindano ya Dunia ya 2025 kama amateur, akianzia raundi ya kwanza ya mchujo. Mechi nne za mchujo akashinda zote. Akaingia Crucible, ule ukumbi wa Sheffield ambao umeandaa mashindano haya tangu 1977. Jak Jones, aliyecheza fainali mwaka uliotangulia, akaenda 10-4. Lei Peifan 13-10. Chris Wakelin 13-5. Nusu fainali akakutana na Ronnie O'Sullivan, bingwa wa dunia mara saba, akampiga 17-7, na kipindi kizima cha mechi kikabaki bila kuchezwa.

Fainali ilikuwa Mei 4 na 5. Sisi tulifuata kwa simu, skoa tupu, namba zinabadilika kwenye kioo kilichopasuka, mimi nikihesabu floti. Khocha alikuwa amekuja Kitale kliniki ya macho, kwa hiyo tukawa watatu. Mpinzani alikuwa Mark Williams wa Wales, miaka 50, mtu mzee zaidi kuwahi kufika fainali ile. Khocha moja kwa moja akawa upande wa Williams, kwa sababu za umri. Siku ya kwanza ikaisha 11-6 kwa Zhao. Jumatatu jioni ilikuwa 17-8, anahitaji fremu moja tu.

Halafu Williams akashinda moja. Mbili. Tatu. Nne. 17-12.

Mdogo wangu akasimama akatoka nje. Wateja walidhani amefiwa. Nilijua anachowaza, maana nami nilikuwa nikikiwaza: kwamba sasa Zhao akikosa, hata kwa haki kabisa, kuna watu watasema ameuza. Hilo ndilo linalobaki baada ya tarehe kupita. Mwingine akikosa mpira, amekosa mpira. Wewe ukikosa, watu wanatazamana.

Ilipofika 18-12 khocha akaita kwa sauti, "Ameingiza!" Bingwa wa kwanza kutoka Asia, na amateur wa kwanza kulitwaa taji hilo. Pauni 500,000, zaidi ya milioni 80 zetu, na kwenye orodha akaruka hadi nambari 11. Khocha akatikisa kichwa, akauliza kama amewahi kuwepo Mwafrika. Nikamtafutia: Perrie Mans wa Afrika Kusini alifika fainali ya 1978, akapigwa 25-18 na Ray Reardon, na mwaka uliofuata akashinda Masters bila kupata hata mara moja pointi 50 kwa mfululizo. "Kama kwenye klabu yetu," khocha akasema, na akacheka mpaka macho yake mabovu yakatoa machozi.

Mwezi Juni mdogo wangu alipanda matatu, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, akashuka Bungoma stejini na shilingi 200 mfukoni. Kulikuwa na mashindano madogo. Alimwendea mwenye meza, akamwomba jibu: kama ni maisha aambiwe maisha, kama ni miaka aambiwe mingapi. Mwenye meza akamtazama sana. Akasema alipe kiingilio kama wengine, aanzie mwanzo, na mpira ukimkosa karibu na shimo asilalamike wakimzomea.

Walimzomea hata kabla hajakosa. Raundi ya kwanza akashinda. Ya pili akatolewa 2-1 na kijana wa Form Three aliyekuwa bado amevaa sweta ya shule.

Baba hakuja. Lakini saa moja jioni akanipigia simu. Akauliza bei ya mahindi, ambayo anaijua kuliko mimi. Akauliza mvua. Halafu laini ikawa kimya mpaka nikadhani kredo imemwishia.

"Na huyo," akasema, "ametolewa raundi ya ngapi?"

"Ya pili, baba."

"Na nani?"

Nikamwambia. Akamjua mtoto huyo, na babake, na duka lao.

"Huyo kijana anacheza," akasema. "Huyo hata mimi angenitoa." Akakata simu.