Shajara ya Ufukweni, Gisenyi

Alhamisi, 4 Mei 2023

Usiku wa kuamkia jana mto Sebeya ulifurika. Redio inasema waliokufa magharibi na kaskazini mwa Rwanda wamepita 120, na wengine ni wa hapa wilayani Rubavu. Wasichana wangu wa mpira wa wavu ni kumi na wanne. Kumi na watatu nimewapata, wengine kwa simu, wengine kwa miguu. Wa mwisho, yule mfupi wa Rugerero, nimemkuta jioni na mama yake katika darasa walimohifadhiwa. Wazima. Nyumba imekwenda na maji. Neno lake la kwanza: "Mwalimu, mpira wa timu ulikuwa kwangu." Nikamwambia mpira hununuliwa. Akalia, na mimi nikajikaza mpaka nilipofika barabarani.

Jumanne, 9 Mei

Hakuna mazoezi. Nimekaa peke yangu ufukweni. Mwaka 2019 mzunguko wa dunia wa mpira wa wavu wa ufukweni ulifika hapa hapa Gisenyi, na wawili kati ya wasichana wangu walianza siku zile: walikuja kutazama, kesho yake wakarudi wakifunga kamba kati ya miti miwili. Wavuvi wa sambaza, dagaa wa hapa, wamerudi Ziwa Kivu, nimezisikia nyimbo zao. Nimefurahi kuzisikia.

Jumamosi, 13 Mei

Nimemwendea mama wa yule mfupi wa Rugerero. Amenisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mtoto hana hata daftari, nawe wamwita mpirani?" Sikuwa na jibu la haraka. Ana haki. Nimepeleka daftari sita na sare ya binti yangu, sikutaja mpira tena. Nilipokuwa natoka akaniita: "Siku zenyewe ni zipi?"

Jumamosi, 20 Mei

Mfupi wangu amekuja. Mpira mpya tumeuchangia, wasichana wenyewe wametoa sarafu zao.

Nimemweka kwenye kupokea, kazi anayoipenda. Mchangani kupokea ni miguu kwanza: uwanja ni mita 16 kwa 8, watu wawili tu wa kuulinda, na mchanga humeza hatua. Ukisubiri kuuona mpira hewani umechelewa. Lazima usome bega la anayeanzisha. Viwiko vinyooke, vidole gumba viwe sambamba, mpira ugonge juu kidogo ya vifundo vya mikono. Haya yote anayajua. Leo mipira mitano mfululizo imempita. Wa tatu hata hakuukimbilia, alikuwa anatazama ziwani.

Rafiki yake aliyekuwa anaanzisha akaniangalia, anataka nimwambie apige polepole. Nikatikisa kichwa. Wa sita ukaja na nguvu zile zile. Akapiga hatua mbili fupi, goti moja likagusa mchanga, mpira ukapaa mpaka kwa mwenzake kama umewekwa kwa mkono. Hakutabasamu. Akafuta mchanga mikononi, akainama tena kungoja wa saba.

Watu husema michezo inawafundisha watoto uvumilivu. Silipendi neno hilo likisemwa kirahisi. Mtoto aliyelala darasani wiki mbili, uvumilivu anao kuliko mimi. Alichokosa ni mahali ambapo kosa lina dawa, na dawa yenyewe inafika sekunde chache baadaye, mpira unaofuata. Mafuriko hayakumpa mpira wa pili. Ndiyo maana nilikataa apigiwe polepole: angejua tunamhurumia, na huruma alikuwa ameipata ya kutosha kwa kila aliyepita pale darasani.

Jumamosi, 27 Mei

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Timu nzima imekwenda Rugerero na majembe kuzoa tope. Mchana wamelala kivulini kama magunia.

Jumatano, 7 Juni

Mmoja ameuliza kama mtu wa kwetu anaweza kufika mbali kwa mchezo huu. Nimewaambia juu ya wanawake wa Rwanda wanaocheza mpira wa wavu wa kukaa, waliofika Paralimpiki za Rio mwaka 2016. Nikawaketisha mchangani, wavu nikaushusha, tukacheza vile kwa nusu saa. Hakuna miguu ya kukuokoa, unajisogeza kwa mikono hiyo hiyo ya kupigia mpira. Waliinuka wakiwaheshimu wanawake wale.

Jumamosi, 17 Juni

Mechi na wasichana wa shule jirani. Upepo wa ziwani ulikuja mapema. Ndiyo maana pande hubadilishwa kila pointi saba (tano katika seti ya tatu), kila timu ionje jua na upepo kwa zamu, lakini wasichana wangu walipokuwa na upepo mgongoni mipira ilipitiliza nje, minne kwa mkupuo. Mchezo huu hauna mchezaji wa akiba. Anayekosea hubaki uwanjani na kosa lake. Mfupi wangu alimwendea mwenzake, akamshika bega, akasema kitu nisichokisikia. Baada ya hapo wakawa wanaanzisha mipira ya chini, karibu na wavu, upepo usiipate. Hilo sikuwafundisha mimi.

Seti ya kwanza yetu, ya pili yao, ya tatu tumepoteza 15 kwa 13. Nimeumia, nakiri. Mama yake alikuwepo tangu mwanzo, amesimama nyuma kabisa, kanga begani. Mechi ilipoisha, binti akachukua mpira, akaupangusa mchanga kwa kanga ya mama yake, wakaondoka nao.

Marudiano ni tarehe 8 Julai, saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka.