Kadri Iliyokawia Tenke

Darini mwa karakana ya fundi mmoja wa Tenke, kati ya vizingiti vya milango na mabaki ya vitanda, ulilala ubao mmoja wa mulombwa ambao hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuugusa. Ubavuni uliandikwa kwa penseli: 18 × 24, nusu imelipwa. Mwandiko ni wake mwenyewe, wa mwaka 1993. Kwa miaka 29 vumbi liliufunika, likafutwa, likaufunika tena.

Fundi huyo na mwandishi wa kurasa hizi ni mtu mmoja. Amejiita "yeye" kwa sababu anajijua: akianza na "mimi", kabla ya ukurasa wa pili atakuwa ameujenga mji mzima wa Kolwezi peke yake.

Tenke ni njia panda ya reli huku Katanga, nchini Kongo. Treni inayotoka Lubumbashi kupitia Likasi ikifika hapo, reli hugawanyika mara mbili. Tawi moja linaelekea magharibi, Kolwezi hadi Dilolo mpakani, kisha linaikata Angola yote mpaka bandari ya Lobito; lilikamilika mwaka 1931. Jingine linapanda kaskazini: Bukama, Kamina, Mwene-Ditu, Kananga, hadi Ilebo kwenye mto Kasai. Yeye alizaliwa mwaka 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa BCK, kampuni ya reli ya enzi hizo, na alijua saa ya uji kwa honi ya treni kabla hajajua kusoma saa. Majirani walikuwa Waluba wa Kasai, Wasanga, Wandembo, Walunda, Wachokwe. Watoto walitukanana kwa lugha zote na kusameheana kwa Kiswahili.

Mwaka 1974 baba yake alimpeleka kwa mzee mmoja menuizie, ndilo jina la seremala huku kwetu, akiwa na kuku wawili mkononi badala ya ada. Mwaka wa kwanza alifagia pumba za mbao. Wa pili alinoa patasi za wengine. Wa tatu ndipo alipopewa rabo, yaani randa, na hata hapo aliambiwa arande ubao mmoja mpaka uishe, ili ajue unavyolia ukirandwa vibaya.

Kadri ya picha, ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaiita fremu, ilifundishwa mwisho kabisa. Wateja walishangaa: kitu kidogo hivyo? Lakini mlango ukienda upande kidogo, bawaba hurekebishwa. Kitanda kikipinda, godoro hufunika. Kadri hutundikwa mbele ya macho ya mtu aliyekaa kitini asiye na kazi nyingine ila kuitazama. Ina pembe nne, kila pembe mikato miwili ya nyuzi 45. Msumeno ukikosea nusu nyuzi tu katika kila mkato, makosa manane yanajumlishwa, na pembe ya mwisho inaachama nyuzi 4. Kwa kijiti chenye upana wa sentimita 4, huo ni mwanya wa karibu milimita 4. Mwanya huo watu huujaza unga wa mbao uliochanganywa na kola, yaani gundi. Mzee alipoukuta aliing'oa kadri nzima na kuitia kwenye brazia ya kupikia chai, bila neno.

Kazi yenyewe haikukosekana. Miaka hiyo mkoa uliitwa Shaba, na wachoraji walikuwa wakipita mlango kwa mlango na picha walizochora kwenye vitambaa vya magunia ya unga: mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, mwenye nywele ndefu, simba akimkamata mwindaji, askari akimchapa mfungwa mbele ya mzungu. Anayejulikana zaidi leo ni Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima katika picha zaidi ya 100 na kuzisimulia, kwa Kiswahili cha Katanga, mbele ya mtafiti Johannes Fabian. Wale waliopita Tenke walikuwa wa kawaida zaidi, wengi wakiwa na njaa. Kitambaa hakisimami chenyewe ukutani. Kinataka vijiti vinne. Fundi kijana alipigilia vijiti hivyo kwa mamia, na malipo mara nyingine yalikuwa picha yenyewe. Mamba muntu mmoja bado yuko sebuleni kwake. Mke wake hampendi.

Wateja wengine walikuwa ofisi. Kila ofisi ilitakiwa kuwa na picha ya rais. Kadri aliyoitengeneza kwa ajili ya Mobutu, ofisi moja iliirudisha mwaka 1997 ili aingizwe Laurent-Désiré Kabila; mwaka 2001 ikarudi kwa ajili ya mwanawe Joseph; mwaka 2019 kwa ajili ya Félix Tshisekedi. Mara hiyo ya mwisho alipong'oa misumari ya nyuma alikuta wote watatu wamo ndani bado, mmoja mgongoni mwa mwenzake, kwa sababu kila karani aliona kartoni nzuri ya kubania haifai kutupwa. Akawaacha. Kioo kilikaza vizuri zaidi.

Ubao wa darini ni wa hadithi nyingine.

Mwaka 1992 huko Likasi, kisha 1993 huko Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa, wengi wao wakiwa wamezaliwa huku na wazazi wao walioletwa na migodi na reli. Watu laki kadhaa waling'olewa. Walilala kwenye gare, yaani stesheni, kwa wiki, kwa miezi, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka katika nchi ambayo watoto wao hawajawahi kuiona. Treni hizo zote zilipita Tenke, ziwe zimetoka Likasi au Kolwezi. Watu walikaa hadi juu ya mapaa.

Wiki chache kabla ya kufukuzwa, karani mmoja wa reli, jirani yake wa nyumba ya tatu, alikuwa amemletea picha yake ya harusi, akachagua ubao wa mulombwa na kulipa nusu. Siku ya kuichukua hakuja. Nyumba ilikuwa wazi, na sufuria bado iko jikoni. Ile nusu ya malipo nayo haikuishi: mwezi Oktoba mwaka huohuo noti mpya ziliingia, na zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire moja mpya. Ndiyo maana fundi, akiulizwa kama alichotengeneza baadaye kilikuwa deni au zawadi, anajibu kwamba deni lilimezwa na serikali. Kilichobaki ni zawadi.

Picha aliihifadhi ndani ya Biblia. Mwaka 2022 kijana mmoja wa Mwene-Ditu, msaidizi wa dereva wa lori, aliingia karakana kutafuta ubao wa kuziba bodi, akaiona, akasema mwanamke huyo anafanana kabisa na mwalimu aliyemfundisha kusoma. Simu zikapigwa. Mwalimu ni binti wa yule karani na mkewe. Wazazi wote wawili wamekwisha fariki.

Fundi aliushusha ubao. Mulombwa, mti uleule ambao Tanzania huitwa mninga, ukikatwa mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu. Ukikauka hautikisiki, hausinyai wala haupindi, na huu ulikuwa umekauka miaka 29. Siku hizi hata ndugu yake mdogo, mukula, ni nadra kumwona fundi wa kijijini akimranda. Magogo yake yalipakiwa kwenye malori kwenda China, na bei ikapanda.

Kabla ya kukata alikaa na picha juani. Akaona kitu ambacho mwaka 1993 hakukiona. Ukingoni kabisa, upande wa bibi harusi, mkono wa mtu aliye nje ya picha umemshika begani: vidole vinne na bangili nene ya mukuba, shaba ya hapahapa. Kadri ya kawaida ina kijifereji kwa ndani ambamo kioo hukaa, na ukingo wake hula milimita 5 za picha kila upande. Vidole vingebaki, bangili ingefunikwa.

Akaibandika picha katikati ya kartoni ya sentimita 22 kwa 28, ili ukingo ule kartoni badala ya picha. Ndivyo kadri ilivyokua: nje ilifika 29.2 kwa 35.2, na ubao ukatosha kwa kubakiza kipande cha kidole. Alikata mikato minane kwa siku mbili, macho yakimsaliti. Aliunganisha kwa kola, akazungushia mpira wa ndani wa baiskeli uliochanwa kuwa utepe, ambao hubana pembe zote nne kwa nguvu sawa zaidi kuliko chuma chochote alichowahi kununua. Kesho yake akachana kila pembe kwa msumeno mwembamba na kuingiza ulimi wa mbao. Verni, yaani vanishi, hakupaka. Alisugua nta ya nyuki mpaka kitambaa kikawa chekundu.

Ilifungwa ndani ya blanketi ikasafiri kwa lori siku tisa. Kioo kilifika kimepasuka. Mwalimu alipiga simu usiku.

"Papa, ile mukono ni ya kaku yangu, mama ya mama," alisema. "Ile bangili tuliuzishaka ku gare ya Kamina, juu ya bunga."

Wote wawili walinyamaza kwa muda, simu ikila yuniti. Kisha mwalimu akauliza msumari uwe wa urefu gani kwa ukuta wa matofali mabichi. Fundi akamwambia inchi tatu, na aupigilie kwa kuuinamisha kidogo, kichwa kikitazama juu.