i7 ya zamani au i5 ya juzi? Kesi ya rumeti wangu na bumu lake

Najua nilipotea, lakini UE si mchezo, na Luku ya geto nayo ilikuwa inatuchezea. Leo nimerudi na mada moja tu, maana tangu bumu liingie nimeulizwa na watu kama sita hivi: "Kati ya i7 na i5 nichukue ipi?" Ukiwauliza i7 ipi na i5 ipi, wanakuangalia kama umewatukana.

Ngojeni niwape kesi ya rumeti wangu. Hapa nitamwita Injinia, maana ndicho anachosomea. Injinia yuko mwaka wa mwisho. Ana projekti ya kuunda programu ya simu, na Android Studio kwenye laptopu yake inachukua muda wa kusonga ugali mpaka ukaiva kabla haijafunguka. Halafu ana mpango wa pili ambao msimamizi wake haujui: anunue pedi mbili, awashe FIFA pale geto Changanyikeni, awe anachaji mechi sh. 500. Kwa hiyo hela ya kula ya semesta nzima ilikuwa inakwenda kwenye kompyuta moja. Ikiharibika hesabu, tunakula maharage ya mkopo wote wawili, kwa sababu sufuria ni moja.

Mashine mpya dukani hatuiwezi. Nazungumzia hizi desktopu zilizotumika kwenye maofisi ya Ulaya, zinazoshushwa na makontena na kupangwa Kariakoo kama matofali. Kwenye duka moja tukakuta mbili zimekaa kama mapacha. Moja ina stika ya Core i7-6700, nyingine Core i5-8500. Zote RAM 8GB, zote SSD ya 256GB. Ila ya i5 ilikuwa juu kwa sh. 70,000.

Injinia akaniangalia. "Mwanangu, yaani nilipe zaidi ili nipate i5, niache i7? Nimerogwa?"

Muuzaji naye, kwa kuona mteja anaelekea kwenye ile ya bei nafuu, akawa mkweli: "Bosi wangu, hiyo i5 ni jenereshen ya nane." Injinia hakutaka kusikia. Saba ni kubwa kuliko tano, tumefundishwa chekechea.

Sasa wadau, hiyo 7 na hiyo 5 inakwambia prosesa ilishika nafasi gani darasani kwake. Haikwambii lilikuwa darasa la mwaka gani. Mwaka unausoma kwenye namba zinazofuata kistari: 6700 ni kizazi cha 6, 8500 ni cha 8, 12400 ni cha 12. i7-6700 ilitoka mwaka 2015. i5-8500 ilitoka Aprili 2018. Na katikati hapo kuna kitu kilitokea. Kwa miaka mingi Intel walikuwa wanatuuzia i5 na i7 za kawaida za mezani zenye kori 4, basi, ndo hivyo hivyo kila mwaka. Machi 2017 AMD wakaingia na Ryzen, na zile kubwa zao zilikuwa na kori 8. Kabla mwaka huo haujaisha Intel nao wakawa wameleta i5 za kori 6. Ushindani ni mtamu jamani, hasa ukiwa wewe ndiye mnunuzi.

Kwa wale wa fani nyingine, kori ni nini? Fikirieni kibanda cha mama lishe. Ile i7-6700 ina wapishi 4, na kila mmoja anaweza kushika masufuria mawili kwa wakati mmoja: huku anasubiri wali uive, huku anageuza samaki. Ndiyo maana ukifungua Task Manager unaona visanduku 8. Ile i5-8500 ina wapishi 6, kila mmoja na sufuria lake moja. Visanduku 6. Injinia alipoona visanduku 8 dhidi ya 6 alishangilia kama Simba wamefunga dakika ya 90. Lakini mpishi mwenye masufuria mawili hajageuka kuwa wapishi wawili. Mikono ni ile ile miwili. Anachofanya ni kutumia zile sekunde ambazo angekaa bure. Kazi ikiwa nzito kweli, wapishi 6 wanatoa sahani nyingi kuliko wapishi 4 wenye masufuria 8. Si nyingi mara mbili, msije mkanishitaki, lakini zaidi.

Na ile ya "3.4 GHz ni kubwa kuliko 3.0 GHz"? Hiyo ni spidi ya kuanzia tu, ya kutembea. Zikikimbia na kori moja, i7-6700 inafika 4.0 na i5-8500 inafika 4.1. Zikikimbia na kori zote, i7 inashuka hadi 3.7 wakati i5 iko 3.9. Kwa hiyo hata kwenye spidi, mdogo mtu hajashindwa.

Lakini tuwe wakweli kwenye matumizi ya kila siku. Word, kufungua PDF za mhadhiri, Chrome yenye tabu 12, kuandika ripoti ya PT: hutaona tofauti. Nimekaa kwenye zote mbili pale dukani kama nusu saa, nikimchosha muuzaji, na kama wangenifunika macho nisingejua niko kwenye ipi. Mpangilio wa ndani wa hizo kori ni wa ukoo mmoja. Kinachofanya kompyuta ionekane nyepesi siku hizi ni SSD, na zote zilikuwa nayo. Mtu akikwambia i7 yenye diski ya zamani ya kuzunguka ni bora kuliko i3 yenye SSD, mpe pole.

Mahali pawili nilipoona tofauti ni haya. Kwanza, Android Studio: inapojenga programu inatumia kori zote ilizopewa, na hapo i5 inamaliza mapema kidogo. Ingawa kwa 8GB ya RAM zote zinahema. Pili, YouTube. Kizazi cha 8 kina sehemu maalumu ndani yake ya kufungua video za VP9, ambazo YouTube inazitumia sana. Kizazi cha 6 hakina hiyo sehemu kamili, kwa hiyo kori zenyewe ndizo zinabeba mzigo. Ukiangalia lekcha huku unaandika, feni inakusimulia yote.

Umeme, kwa mnaoogopa Luku: zote zimeandikwa 65W. Tupite.

Haya, tuje kwenye magemu, maana najua wengine mmeruka moja kwa moja hadi hapa, teh teh teh.

Injinia alitoa simu, akafungua mahitaji ya FIFA 23, gemu ya mwaka 2022 ambayo anayo tayari kwenye akaunti yake. Kima cha chini: i5-6600K. Inayopendekezwa: i7-6700. Imetajwa kwa jina! Alinionyesha kile kioo kama mwanasheria mwenye barua ya urithi. Na hapo sikuwa na la kubisha. i7-6700 inatosha kabisa kwa FIFA 23.

Ila nikamwomba ashushe kidole mstari mmoja chini. Kadi ya grafiki: kima cha chini GTX 1050 Ti. Hizi mashine mbili hazikuwa na kadi yoyote, zinategemea kile kifaa cha picha kilichomo ndani ya prosesa. Na hapa kuna kichekesho. Ile i7 ina HD 530, ile i5 ina UHD 630. Jina jipya, lakini ndani ni vitengo 24 kwa 24, na ile ya zamani ndiyo inayokimbia kidogo zaidi: 1.15 GHz dhidi ya 1.10. Kwa maneno mengine, bila kadi, kwenye magemu hizi mbili ni sare. GTA V, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015, inachezeka ukishusha hadi 720p na kuzima mapambo yote. FIFA za zamani zinakwenda. FIFA 23 ya kuchaji watu sh. 500? Wateja watadai chenji.

Kwa hiyo Injinia akaja na hoja ambayo ilinikalisha kimya mpaka tukafika kituo cha daladala. "Kama prosesa zote zinatosha, na tatizo ni kadi, si bora nichukue i7, ile 70,000 iwe mwanzo wa kadi?"

Hiyo ni hoja nzuri, jamani. Kama kompyuta ingekuwa ya biashara ya FIFA tu, imefungwa pale sebuleni (sebule gani, chumba ni kimoja), ningemwambia chukua i7 uende zako. Ukishaweka kadi ya kiwango cha 1050 Ti, kadi yenyewe ndiyo inayochoka kwanza. Prosesa yoyote kati ya hizo mbili inabaki inaisubiri.

Kilichonifanya nikatae ni Windows. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, orodha yake rasmi inaanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha 7. i5-8500 yetu imo. i7-6700 haimo, pamoja na u-i7 wake wote. Najua mtaniambia mafundi wanaiingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine yoyote. Ni kweli, na inawaka. Lakini Microsoft hawakuahidi masasisho kwa mashine iliyoingia kwa mlango wa nyuma. Kuna na magemu yanayokagua: Valorant, ukiwa kwenye Windows 11, inadai TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa, la sivyo haikufungulii. Na huyu mtu anamaliza chuo. Hii mashine ndiyo itakayoandika CV zake, ndiyo atakayoitumia kutafuta kazi za mtandaoni huku anasubiri ajira, akiingiza nywila za benki humo humo.

Akajaribu kona ya mwisho: "Nichukue ya kizazi cha 6, mbele ya safari nabadilisha prosesa tu, si soketi ni ile ile?" Kwa macho, ndiyo, zote ni LGA 1151. Lakini Intel walibadilisha mambo humo, prosesa za kizazi cha 8 zinataka mazabodi za mfululizo wa 300. Ukiichomeka kwenye mazabodi ya kizazi cha 6 inakaa vizuri, na haiwaki. Hapo kwa kweli Intel walituonea.

Wenye kutafuta laptopu, kwenu jina linadanganya zaidi. i7-6500U ina kori 2 tu. Mbili! i5-8250U ina kori 4. Halafu kuna mtu atakuuzia ile ya kwanza kwa bei ya juu kwa sababu ya stika ya saba.

Basi, Jumamosi tulirudi Kariakoo. Kabla ya kutoa hela nilifungua Task Manager nikasoma jina la prosesa lenyewe, maana stika inabandikwa na mtu yeyote mwenye gundi. Tukafungua kasha tukaona RAM ni kijiti kimoja cha 8GB, nafasi nyingine iko wazi. Tukamwambia muuzaji akitaka tuchukue ya i5 bila kelele aongeze kijiti cha pili cha 8GB kwa bei ya kirafiki. Akalia, akaapa, akaongeza. Hicho kijiti kimesaidia kuliko mabishano yetu yote, kwa sababu kile kifaa cha picha cha ndani kinaazima RAM ya mashine, na vijiti viwili vinakipa njia mbili za kupitia badala ya moja. GTA V ilipata uhai papo hapo, na Android Studio imeacha kuhema.

FIFA ya biashara bado haijafunguliwa. Tunatafuta GTX 1050 Ti ya 4GB, ile fupi inayoingia kwenye kasha jembamba, isiyohitaji waya wa umeme wa ziada, maana pawasaplai ya hizi mashine za ofisi ni ndogo na kadi inabidi iridhike na zile 75W za kwenye mazabodi. Mwenye nayo, au mwenye binamu mwenye nayo, apite geto baada ya saa kumi na moja jioni. Mechi tatu za kwanza bure, na Injinia anacheza vibaya.