Safari ya Lapland na Sefu, sehemu ya 4: Chupa ya maji na godoro la watu

Mama zangu, na akina baba wachache mnaosoma kimyakimya humu, nawaona. Samahani nimepotea wiki nzima, nilikuwa zamu za usiku.

Kwa waliochelewa: mimi ni nesi wa hospitali hapa Tanga. Mwanangu Sefu ana miaka 8 na ana selimundu. Mwaka jana mwezi wa sita dada yangu, da Zuhura, anayeishi Oulu huko Ufini, alitualika yeye na shemeji. Viza, bima na ndege nimeshaeleza sehemu zilizopita. Leo tunaingia barabarani.

Wengi mmeniuliza inbox: "Nesi, mtoto wa selimundu unampelekaje kwenye baridi ya Lapland, tena kwenye gari?" Swali zuri. Hata mama yangu aliniuliza, ila yeye aliuliza kwa kupiga kelele.

Jibu ni kwamba gari ndilo lililonishawishi. Shemeji alikodi motahomu, yaani gari lenye vitanda, jiko, friji, choo, tanki la maji na hita, vyote humo humo. Fikiria kama nesi. Mtoto wa selimundu anahitaji nini safarini? Joto, maji, choo karibu, mahali pa kujinyoosha akichoka, na dawa zikae vizuri. Basi la kawaida halikupi hayo. Hoteli inakupa, lakini kati ya hoteli na hoteli kule kaskazini ni msitu mtupu. Mimi nikaona hii ni wodi ndogo yenye matairi.

Leseni haikuwa tatizo, maana gari lisilozidi kilo 3,500 linaendeshwa kwa leseni ya kawaida ya gari dogo. Siku ya kulichukua, mwenye gari alituzungusha karibu saa nzima: hapa unajaza maji safi, hapa unamwaga machafu, hiki ni kisanduku cha choo unakichomoa na kwenda kukimwaga kambini. Nilimsumbua aiwashe hita mbele yetu, na vizuri nilifanya hivyo, kwa sababu mtungi mmoja wa gesi ulikuwa karibu mtupu na hakuna aliyekuwa ametuambia. Piga picha kila mkwaruzo. Na kiti cha mtoto ukifunge kwenye siti yenye mkanda. Kile kitanda cha juu kinavutia sana watoto, lakini gari likitembea hakuna mtu kulala kule. Ufini mtoto aliye chini ya sentimita 135 lazima awe na kiti chake, na Sefu wangu ni mfupi.

Sasa sikiliza kitu ambacho wakati ule nilikisikia lakini sikukitilia maanani. Mwenye gari alisema, kwa utani utani, kwamba godoro likipata doa linakatwa kwenye dhamana. Shemeji naye akaongeza wa kwake: "Atakayejaza choo ndiye atakayekimwaga." Tukacheka wote. Sefu alikuwa amesimama pale pale, da Zuhura akimtafsiria.

Tukaondoka. Oulu mpaka Rovaniemi ni kama kilomita 220, barabara nzuri. Kaskazini kidogo ya Rovaniemi unavuka mstari wa Duara la Aktiki, kuna kijiji cha Baba Krismasi, watoto wanapiga picha, watu wazima wanatoa pesa. Tulikaa nusu saa. Kuanzia hapo mambo yanabadilika. Kutoka Rovaniemi mpaka Inari ni karibu sawa na Tanga mpaka Dar. Lakini wewe ukitoka Tanga unakutana na Muheza na machungwa yake, Segera, Mkata, Chalinze, watu tele. Huku unakutana na Sodankylä, halafu miti, halafu Ivalo, halafu miti. Na poro. Poro ndio wale kulungu wa Baba Krismasi, na wanatembea katikati ya barabara kama mbuzi wa Makorora. Wote wana wenyewe, ukimgonga mmoja unatakiwa kupiga 112 kutoa taarifa.

Kabla hatujatoka nilikuwa nimeandika kwenye daftari kila kituo cha afya njiani, na pembeni nikaandika saa za kufika. Nakushauri uandike saa, kilomita hazikuambii kitu mtoto akiwa analia. Hospitali kubwa ya mwisho iko Rovaniemi. Ivalo kuna kituo cha afya. Kutoka Inari mpaka Ivalo ni dakika 40 hivi, kutoka Inari kurudi Rovaniemi ni zaidi ya saa nne kwa motahomu. Nilikuwa na barua ya daktari wetu kwa Kiingereza: ugonjwa, dawa, kundi la damu, na wingi wake wa damu wa kawaida, maana Sefu anaishi na 7.5 mpaka 8, na daktari asiyemjua akiona namba hiyo anaweza kukimbilia kumwongezea damu.

Yaani nilijiandaa, mama zangu. Nilijiona nimemaliza.

Kule Inari kuna ziwa. Lina visiwa zaidi ya 3,000, na maji yake yanang'aa hadi unajisikia kuyanywa. Tulifika jioni, ila jioni ni neno tu, kwa sababu mwezi wa sita kule jua halizami kabisa. Saa tano usiku watoto wa Kifini wanaruka kutoka kwenye gati, wanapiga kelele, wanatoka wekundu kama nyanya. Shemeji alitumbukiza kipimajoto: nyuzi 11. Sefu akavua shati.

Nikamwambia hapana.

Unajua lile "hapana" la mama wa mtoto wa selimundu. Hapana mpira juani, hapana mvua, hapana kuogelea na wenzio. Baridi ya ghafla inabana mishipa, seli zinakwama, maumivu yanaanza. Niko sahihi kitaalamu, lakini yeye ni mtoto wa Tanga aliyezaliwa karibu na bahari, anaona maji na watoto wenzake wako ndani. Akanijibu, "Basi mbona ulinileta?" Akaenda kukaa ndani ya gari. Mimi nikabaki nje na mbu (mbu wa kule wana njaa, jamani, ila malaria hawana), nikilinda ziwa kama askari.

Saa nane usiku, jua limejaa dirishani, nikasikia, "Mama, miguu."

Wenye watoto hawa mnaijua sauti hiyo. Nikamuuliza kwa kipimo chetu cha sifuri mpaka kumi, akasema sita. Joto la mwili 37.4. Kifua hakiumi, anapumua vizuri. Bandama sikuisikia imekua. Nikawasha hita, nikamfunika miguu, nikampa paracetamol. Halafu nikachukua chupa yake ya maji.

Ilikuwa imejaa. Ile ile niliyomjazia Sodankylä saa sita mchana.

Nikahisi tumbo limenidondoka. Tangu mchana mtoto hajanywa, nesi niko pembeni yake na sijaona! Tanga simkumbushi sana, joto lenyewe linamkumbusha. Kule nje ni nyuzi 9, hakuna aliyekuwa anahisi kiu, hata mimi nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja cha kahawa siku nzima. Nikamuuliza, "Sefu, mbona hujanywa?" Akanyamaza. Nikauliza tena, taratibu. Akasema huku anaangalia ukutani:

"Nikinywa nitakojoa kitandani. Godoro la watu. Na anko ndiye atamwaga choo."

Mama zangu, hapa nataka niongee kama nesi kidogo, kwa sababu najua wapo humu ambao watoto wao wanakojoa kitandani wakiwa na miaka 8, 10, hata 12, na wanachapwa. Selimundu inaharibu uwezo wa figo kubana mkojo. Figo ya mtoto mwingine, akinywa kidogo, inabakiza maji mwilini. Ya huyu inaendelea kuyaachia. Ndiyo maana anakojoa mara nyingi, na ndiyo maana usiku kitanda kinalowa. Sio uvivu wala ukaidi. Ukimnyima maji ili kitanda kikauke, mkojo bado utatoka, na damu yake itazidi kuwa nzito. Sefu alijinyima mwenyewe. Mimi nilikuwa nasoma hayo chuoni, nimeyafundisha kliniki mara ngapi sijui, na sikuwahi kumwambia yeye.

Nikamwambia saa hiyo hiyo. Nikamwambia pia kwamba hata bibi yake godoro lake lina doa la chai la tangu 2009 na hakuna aliyekamatwa. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeumwa. Tukaanza kunywa pamoja, kikombe yeye kikombe mimi, maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Ibuprofen niliiacha kwanza mpaka anywe na akojoe, maana figo kavu na dawa hiyo hazipatani.

Da Zuhura akapiga 116117, ile namba yao ya ushauri wa afya kwa mambo yasiyo ya kufa na kupona. Aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ambayo mimi mwenyewe huwa nawauliza akina mama. Tukakubaliana: joto likifika 38.5, au kifua kikiuma, apumue kwa shida, tumbo livimbe upande wa kushoto, mkono au mguu ulegee, au uume usimame bila kulala, hakuna kusubiri, ni 112. Vinginevyo asubuhi twende Ivalo akapimwe.

Nilikaa naye macho. Hapo ndipo niliipenda ile motahomu. Kupasha maji ni kunyoosha mkono. Choo ni hatua tatu, na alikwenda mara nne, kila mara nampigia makofi kama mjinga. Shemeji alitoka kwenye kitanda cha juu nywele zimesimama, akasikia habari yote kutoka kwa dada, akakaa kimya. Halafu akamwambia Sefu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Choo changu. Mimi napenda kumwaga." Alfajiri akakichomoa kile kisanduku akaenda nacho akipiga mluzi, na kilikuwa hata hakijajaa nusu.

Asubuhi maumivu yalikuwa yameshuka mpaka matatu. Ivalo walimpima damu, mkojo na oksijeni. Daktari aliisoma ile barua mara mbili, akasema hakutana na ugonjwa huu mara nyingi, akapiga simu Rovaniemi kuuliza mbele yetu bila aibu. Nilimheshimu sana. Wingi wa damu ulikuwa 7.6, ni wa kwake. Akasema aendelee kunywa, apumzike siku mbili, tusiende mbali zaidi. Utsjoki na mpaka wa Norwe tukaviacha. Malipo tulitoa sisi kwanza halafu tukadai bima, na ikalipa kwa sababu tu nilikuwa nimeutaja ugonjwa wakati wa kununua. Viza inakudai bima ya angalau euro 30,000, lakini hiyo namba haikusaidii kama karatasi inasema ugonjwa wa zamani hauhusiki. Soma yale maandishi madogo.

Zile siku mbili tulizikaa Inari pale pale. Tulitembelea Siida, makumbusho ya Wasami, taratibu, tukikaa kila penye benchi. Sefu alivutiwa na kusikia kwamba wilaya ile inatumia lugha nne, Kifini na Kisami cha aina tatu. Akauliza kama wanaweza kuongeza Kiswahili, maana sasa wako watu watatu wanaokiongea, "na nusu," akamwangalia anko wake.

Siku ya mwisho jioni kambini walituruhusu kutumia sauna. Kwenye joto lenyewe sikumwingiza, kutoka jasho vile kungekausha tena mwili wake. Lakini kuna chumba cha kuogea pembeni, kina joto zuri, na pale wana pipa la kuchemshia maji kwa kuni. Shemeji alikwenda ziwani na ndoo. Akarudi, akajaza pipa, akakoka moto, akaenda tena. Safari sita. Maji yakapata uvuguvugu, tukamweka Sefu kwenye beseni kubwa la kufulia, magoti yamemfika kidevuni, chupa yake ya maji iko pembeni imebaki robo.

Akachota kwa mikono, akajimwagia kichwani. "Haya ni ya ziwani kweli?"

Nikamwambia kweli, nimemwona anko anayachota.

"Basi nimeogelea Inari."

Da Zuhura akasema amwagiwe tena, na shemeji akainua ndoo akaenda kuleta mengine.

Sehemu ya 5 nitaweka begi la dawa kitu kwa kitu, pamoja na ile barua ya daktari, nitafuta majina muione ilivyoandikwa. Mwenye mtoto anayekojoa kitandani na ana selimundu, niandikie inbox, nitajibu nikitoka zamu kesho saa mbili.